Mtu wa Kushika Taulo

Benchi la kona, kati ya kinyozi na kibanda cha fundi viatu, halina mgongo, na wanaolikalia hawana haya. Kila jioni wapo: Kinyozi, anayeweza kumwacha mteja na povu nusu kidevu akimbilie ubishi, Mheshimiwa, karani mstaafu ambaye hajawahi kukosa jibu, na Fundi mwenyewe, anayesikiliza huku anashona. Jioni hiyo Fundi alikuwa na mfuko miguuni, na ndani yake taulo jipya. Jumapili angebatizwa, uzeeni hivyo. Mchungaji alimwambia aje na mtu wake, wa kumpokea akitoka majini na kumfunika. Tangu mkewe afariki, Fundi hakuwa na mtu wa kumwita wake. Binti yuko mbali, na simu zake ni za haraka haraka. Wamebaki hawa wa benchi. Tangu asubuhi alikuwa akifanya mazoezi ya kuwaomba, misumari mdomoni.

— Jamani, Jumapili nabatizwa, alisema. Mchungaji anataka niende na...

— Na ndoo? alidakia Kinyozi. Kwani wanakunyunyizia au wanakuzamisha?

— Wananizamisha. Ndiyo maana natafuta...

— Hapo sawa! Kunyunyiziwa ni kulowa tu. Mvua inakunyunyizia kila mwaka, mbona hujawa mtakatifu?

— Acha zako wewe, alisema Mheshimiwa. Maji ni ishara. Tone moja linatosha. Barua ikishagongwa muhuri, nani anapima ukubwa wa muhuri?

— Na muhuri usio na wino je?

— Wino ni imani!

Mheshimiwa akajipongeza kwa funda la kahawa. Muuza kahawa, aliyechutama na birika lake, akaona naye asipitwe.

— Mimi nauliza, hizo dhambi zinakwenda wapi? Zikimtoka mtu, si zinabaki kwenye maji?

— Ehee! Kinyozi akasimama kabisa. Fundi, usikubali kuwa wa mwisho kwenye foleni! Utaingia na zako, utatoka na za kanisa zima.

— Na wakiyamwaga, alisema Mheshimiwa, mfereji unapita chini ya duka lako. Sasa najua kwa nini unaninyoa upande.

Wakacheka hadi benchi likayumba. Fundi naye alicheka, kisha akatema misumari kiganjani.

— Mchungaji hasemi kuoga. Anasema ni kufa. Unazikwa pamoja na Kristo, unafufuka pamoja naye. Anasema unaingia majini peke yako, unatoka una ndugu.

— Ndugu wa majini ni samaki, mzee! alisema Kinyozi.

— Basi nilitaka niwaombe...

— Subiri kwanza, alisema Mheshimiwa. Mtu akifa Jumapili, Jumatatu pensheni yake anachukua nani?

Ubishi ukawaka upya. Fundi akairudia sindano. Aliwapenda watu hawa, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu hakuwa na wengine.

Akaja mama mmoja mgeni, mguu mmoja peku, kiatu mkononi kisigino kikining'inia. Wakasogea kidogo kumpisha, akakaa ukingoni mwa benchi. Fundi alipoanza kugonga, mama akaliona taulo.

— Taulo zuri. La nani, baba?

— Langu. Nabatizwa Jumapili.

— Hongera, baba! Atakushikia nani?

Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Nyundo ikasimama. Fundi akainua macho, akawatazama mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyemkatiza.

— Jumapili ndiyo siku yangu ya wateja, alisema Kinyozi, polepole, akiangalia kucha zake.

Mheshimiwa alichungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Muuza kahawa akatikisa birika.

— Imekwisha, alisema.

Wakaondoka, kila mmoja akimpiga Fundi begani. Mama alivaa kiatu chake, akakanyaga kukijaribu. Lakini hakuondoka. Alikuwa bado anangoja jibu.

— Kule kanisani, mbele, kuna kiti, Fundi alimwambia, akilikunja taulo mara nyingine. Nitaliweka hapo. Nikinyoosha mkono nitalifikia.