Bi Mbona na Pipa la Fundi Miavuli

Mama yetu mpendwa, ambaye soko zima lilimwita Bi Mbona na ambaye hata baadhi ya wakwe zake hawakujua kama ana jina jingine, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1952, akiwa mtoto wa nne wa fundi viatu. Bibi yetu alisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alifumbua macho, akatazama dari, akatazama taa, akamkodolea macho kila aliyekuwemo chumbani, ndipo akalia. Bibi alisema alikuwa anahakikisha kwanza amefika kwa watu gani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, akamaliza la saba mwaka 1966. Ripoti zake zote, tulizozikuta kabatini wiki hii, zina maoni yaleyale kwa miandiko tofauti: ana akili, lakini anauliza mno. Akiwa darasa la nne alimkatiza mwalimu katikati ya kuita majina. "Mwalimu, na nyie walimu asubuhi nani anawaita majina?" Akapewa adhabu ya kumwagilia maua wiki nzima. Wiki ilipoisha alirudi ofisini mwenyewe, akitaka kujua mbona maua ya upande wa choo yanastawi kuliko ya mlangoni kwa mwalimu mkuu. Aliongezewa wiki.

Januari 1973 aliajiriwa kuwa mfagiaji wa soko, akapangiwa safu ya nyuma, ile ya wanyama hai. Wenye umri wanakumbuka safu ile ilivyokuwa: vizimba vimepandana hadi kwenye paa, kasuku juu, kima katikati, nungunungu na panya buku chini, kila mmoja akimnyea aliye chini yake. Mnyama alishushwa kwenye gari, akauzwa, na hakuna aliyeuliza katoka wapi. Wafagiaji wengine waliikimbia safu hiyo kwa harufu yake. Yeye aliipenda, kwa sababu ilikuwa na mengi ya kuuliza.

Hapo ndipo alipokutana na baba yetu, muuza nungunungu na panya buku wa kibanda namba kumi na tisa. Kila asubuhi mfagiaji mpya alisimama kibandani kwake na fagio mkononi, akiuliza mbona huyu anatetemeka, mbona yule hali. Baba akaanza kwenda kazini na shati la pasi. Akawatambia rafiki zake kwamba binti wa watu ameshanasa. Ilimchukua miezi minne kugundua kwamba binti wa watu alikuwa anakuja kuwaona nungunungu, na kufikia hapo aliyenasa alikuwa yeye. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu.

Sehemu inayofuata haikuwemo kwenye rasimu ya kwanza ya wasifu huu. Tuliiruka kwa heshima ya baba. Juzi tulimsomea rasimu hiyo sebuleni, akasikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Na pipa liko wapi?" akauliza.

Shangazi, dada yake, ndiye aliyejibu. "Kaka, siku ya msiba hayo ya nini tena?"

"Andikeni," baba akasema. "Mkiliacha hilo, na nyie mtakuwa mmetupa mzoga kwenye pipa la jirani."

Basi tunaandika.

Mwezi Mei 1989 mama alianza kukuta wanyama waliokufa, wamefungwa kwenye vipande vya gunia, ndani ya pipa la fundi miavuli. Fundi huyo, ambaye yupo nasi hapa leo, hakuwahi kuuza hata kifaranga. "Fundi, pole na misiba," mama alimtania. "Mbona unafiwa kila siku?" Fundi akaapa kwamba hajui chochote. Mama akawauliza wauzaji wa safu nzima, nao wakamwambia afagie tu. Akafagia. Ila ukutani, nyuma ya pipa, akaanza kuchora mstari wa chaki kwa kila mzoga, mfupi kwa panya buku, mrefu kwa nungunungu. Hakuwa na sababu kubwa. Alitaka kujua tu.

Mwanzoni mwa Juni wachukuzi wawili wa safu ile waliugua homa ambayo dawa za kawaida hazikuigusa, na mmoja akafariki. Jumatatu tarehe 12 alikuja daktari wa mifugo wa serikali, akapita kibanda kwa kibanda akiuliza kama kuna mnyama aliyekufa. Vibanda thelathini vikampa jibu moja: wote wazima, daktari. Alipokuwa anaondoka, amekata tamaa, alimwomba mfagiaji ampishe.

"Daktari," mama akasema bila kusogea, "mbona mimi hujaniuliza?"

Akampeleka nyuma ya pipa. Ukutani kulikuwa na mistari sitini na saba. Daktari aliihesabu mara mbili, kisha akavaa glavu, akatoa kifurushi cha asubuhi ile pipani na kumwonyesha kamba iliyokifunga. "Na fundo hili, unalijua?"

Siku zote mama alikuwa amehesabu mizoga, hakutazama mafundo. Sasa akatazama. Mizunguko miwili na kitanzi kidogo kushoto, fundo la mtu anayetumia mkono wa kushoto. Lilikuwa nyumbani kwake, kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Nipe mpaka saa kumi," akamwambia daktari.

Alikwenda kibanda namba kumi na tisa. Baba alikuwa anawalisha wanyama, na mchana ule wa jua kali alikuwa amevaa sweta. "Mbona fundo hili nalijua?" mama akauliza. Baba hakuinua uso. Alisema tu, "Nipe mpaka kesho. Jioni anakuja mteja kuwachukua wote."

Wote, maana yake wanyama ishirini na wanne kwenda kwenye nyumba ambazo hakuna aliyezijua. Mama alitusimulia baadaye kwamba hajawahi kuogopa kama alivyoogopa mchana ule, na kwamba aliogopa mambo mawili kwa pamoja: kumpoteza mumewe kwa homa, na kumpoteza kwa kusema. Hakungoja saa kumi. Saa nane na robo alimwambia daktari, "Kibanda namba kumi na tisa. Ni mume wangu. Na yeye mwenyewe mkampime, ana homa."

Baba alitengwa hospitalini siku ishirini na moja. Hakuna daktari aliyewahi kutuambia kwamba angekufa. Tunachojua ni kwamba muuzaji wa kitanda cha pili, aliyefikishwa siku nne baada yake, hakutoka. Kibanda hakikufunguliwa tena. Shangazi alimwita wifi yake msaliti, na kwa miaka miwili hakukanyaga nyumbani. Baba aliporudi alikata kamba ya kuanikia nguo, akapigilia misumari na kutundika waya. Hakusema kitu. Mama naye hakuuliza tena habari ya fundo. Mwanamke aliyemwuliza kinyozi, padri na fundi bomba, swali hilo alilirudisha moyoni na kulifungia humo.

Kamati ya soko ilipokaa kuandika taratibu mpya za biashara ya wanyama pori, daktari alimwita na yeye. Wajumbe walitaka kila kibanda ambamo mnyama atakufa kifungwe. Mama, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akainua mkono. "Mkimfungia anayesema, mbona asifiche? Mume wangu si mtu mbaya. Aliogopa." Kwa maneno hayo utaratibu uligeuzwa: anayetoa taarifa siku hiyohiyo haadhibiwi, wanyama wake wanatengwa na kupimwa, kisha anarudi kazini; anayeficha ndiye anayenyang'anywa leseni. Tarehe 1 Septemba 1990 mama aliweka fagio chini, akawa karani wa daftari la vifo vya wanyama, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2012.

Fomu ya kuingiza mnyama sokoni ni yake. Ina maswali matatu: katoka wapi, kapita wapi, kalala jirani na nani. Daktari alilicheka lile la tatu hadi alipoanza kulitumia, kwa sababu ugonjwa ulikuwa ukitoka kwenye kizimba cha jirani mara nyingi kuliko porini. Mkwewe mkubwa anathibitisha kwamba alipokuja kuposa aliulizwa maswali hayohayo, kwa mpangilio huohuo, na kwamba alilijibu la tatu huku anatokwa jasho. Baba naye akawa fundi wa vizimba vipya, visivyopandana, kila kimoja na sinia lake la kinyesi. Alivipeleka ofisini kwa mkewe kukaguliwa, naye alimrudishia vibovu kama fundi mwingine yeyote.

Mwaka 2003 muuzaji mmoja alikuja ofisini saa moja asubuhi na panya buku wawili waliokufa, akatoa taarifa mwenyewe. Kufikia adhuhuri safu nzima ilikuwa imetengwa. Vipimo vilionyesha homa ileile, na hakuna mtu hata mmoja aliyeugua. Mama alirudi nyumbani anaimba. Tulipomwuliza kuna nini, alisema, "Leo hakukutokea kitu."

Moyo wake ulianza kusumbua mwaka 2016. Tarehe 31 Julai 2018 alilazwa wodi ya pili, kitanda cha kumi na moja, na kabla hajamaliza siku tatu alishawajua wagonjwa wote, katoka wapi na kalala jirani na nani. Jumatano tarehe 8 Agosti, alasiri, baba alikuwa anamkunjia shuka. Akasimama na shuka mkononi.

"Fundo lilikuwa langu," akasema.

Miaka ishirini na tisa ilikuwa imepita. "Najua," mama akasema. "Mbona umechelewa?"

Wakaanza kucheka wote wawili, mama akicheka hadi machozi na pumzi kumpaa, mpaka muuguzi akaja mbio akidhani kuna balaa. Kesho yake, Alhamisi tarehe 9 Agosti 2018, saa tano asubuhi, mama alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa kushoto wa baba. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, kaka mmoja, na wifi yake, ambaye kwa miaka ishirini na saba ya mwisho hawakupitisha Jumapili bila kuteta pamoja. Ameacha pia madaftari kumi na manne yaliyojaa mwandiko wake, ambayo soko limeomba kuyatunza.

Ratiba hizi mlizoshika zilifika asubuhi hapa zikiwa zimefungwa kamba. Aliyezifunga ni baba, mwenyewe, mbele yetu sote: mizunguko miwili, kitanzi kushoto.

Pumzika kwa amani yako yote, Bi Mbona. Jibu lako ulishapewa.