Papa Seifu na Kichwa cha Sangala

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika biro ya protokoli, yaani ofisi ya itifaki, hapa Kalemie, Papa Seifu Kasongo anastaafu tarehe 28 Februari. Mimi, Adalbert, msaidizi wake, nimeombwa kumsifu. Nitajitahidi.

Alianza kwa kupanga viti na kupokea wageni bandarini. Akapanda hadi kuwa mkuu wetu, kwa akili, kwa subira na, tuseme kweli, kwa suti. Hata akishuka kwenye pikipiki wakati wa mvua, kola yake haikunjamani. Wake zetu hutuuliza kwa nini sisi hatuwezi.

Nchi yetu ilipoandaa mkutano wa viongozi wa ukanda, chakula chao cha mchana kilipangwa kuliwa Kalemie. Papa Seifu aliagiza kutoka Zongwe sangala mmoja wa kubebwa na watu wawili. Hapo alikosea. Wasio wa ziwani waelewe: huku samaki akiletwa mzima, kichwa hupewa mgeni anayeheshimiwa kuliko wote. Samaki mmoja, marais watano. Wajumbe wakaanza kubishana mlangoni: wetu ndiye mzee, wetu ametoka mbali, wetu ndiye mwenyekiti. Ujumbe mmoja ukatishia kuondoka kabla mapatano hayajatiwa sahihi. Mama Odile wa jikoni, sinia limemlemea, akauliza mbele yetu sote: “Papa Seifu, sasa hiki kichwa njo cha nani?”

Mimi ningepigisha kura. Yeye alimwita Papa Bertin, mvuvi aliyemleta samaki na ambaye bado alikuwa uani akingoja gari, akamkalisha mezani. “Waheshimiwa,” akatangaza, “kwetu, aliyepigana na samaki ndiye anayeanza.” Nani angeshindana na mvuvi? Bertin hakuona haya. Alinyonya kichwa chote mpaka macho. Marais wakacheka, wakala, na kesho yake wakatia sahihi.

Desturi hiyo nimeiulizia toka Zongwe hadi Kirungu. Hakuna anayeijua. Aliibuni palepale mlangoni, na hilo ndilo ninalomwonea wivu mpaka leo, kuliko suti.

Kuanzia Machi kiti ni changu. Juzi majirani wa ng'ambo ya ziwa walipiga simu kuhusu mkutano ujao. Hawakuuliza ni nani anayechukua nafasi yake. Waliuliza kama Papa Seifu atakuwepo.

Asante, Papa, kwa yote uliyotufundisha. Mungu akujalie afya, usingizi wa mchana na wajukuu wengi. Na hao majirani wakikualika, tafadhali, sema umechoka.