Bi Kiambatisho na Mizinga Ishirini na Moja

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Ofisi ya Ruzuku ya Jimbo, mwenzetu tunayemwita Bi Kiambatisho anastaafu rasmi. Funguo za kabati atazikabidhi saa kumi kamili alasiri. Mto wa kiti ataondoka nao, kwa kuwa aliununua kwa fedha zake, na risiti anayo.

Kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia mimi kwa sababu meza yangu imetazamana na yake muda mrefu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Tena, kwa maneno ya mhasibu wetu, nimekula biskuti zake nyingi mno kiasi kwamba sina haki ya kukataa. Shitaka hilo nalikubali. Biskuti zenyewe zilikuwa nzuri.

Aliingia ofisini akiwa karani wa masijala, msichana mwembamba wa kufungua bahasha na kugonga mihuri. Siku hizo maombi yalikuja kwa magunia. Zahanati zilitaka paa, vikundi vya maji vilitaka pampu, vituo vya kulelea watoto vilitaka uzio, mafundi wa viti vya magurudumu walitaka karakana. Watu waliona tangazo la ruzuku ukutani, wakakaa chini na kalamu, wakaieleza serikali ya jimbo shida zao kwa lugha ileile wanayoongea nyumbani. Wa kwanza kuzisoma alikuwa yeye. Baadaye akawa afisa msaidizi, halafu afisa kamili, na mwishowe mkuu wa dawati la maombi ya jamii, cheo chenye jina refu na feni moja isiyozunguka.

Jina la Bi Kiambatisho alilipata kwa haki. Hakuna karatasi iliyowahi kupita mikononi mwake bila kuulizwa kiambatisho chake kiko wapi. Mwanawe wa kwanza alipomleta mchumba nyumbani, binti wa watu aliombwa barua ya utambulisho na majina ya wadhamini wawili. Akavileta, na ndiyo maana leo ni mkwe anayependwa kuliko mtoto wa kuzaa. Mumewe akitaka fedha za kinyozi, hutakiwa kwanza aeleze lengo mahususi na matokeo yanayotarajiwa. Ukikitazama kichwa chenyewe, utaona kwa nini maombi mengi yamekwama kwenye matokeo.

Lakini huwezi kumwandika Bi Kiambatisho ukaruka kisa cha mizinga. Yeye mwenyewe ameniomba nikiruke. Nimemwambia alete ombi hilo kwa maandishi, pamoja na kiambatisho.

Alikuwa ndiyo kwanza amepanda cheo na kupewa kalamu nyekundu. Likaja ombi la kikundi cha akina mama wakulima wanaoishi ukingoni mwa msitu. Mwandiko ulikuwa safi na maneno machache. Waliomba ruzuku ya mizinga sitini ya kupanga mpakani, ili kuzuia uvamizi wa majirani zao wanaotoka msituni usiku na kuwaharibia mali. Waliongeza kwamba wamewavumilia vya kutosha.

Mtu mwingine angefikiria nyuki. Ila mume wa Bi Kiambatisho alikuwa mwanajeshi wa kikosi cha mizinga. Ni yule mzee mnayemwona mstari wa mbele ameweka mkono sikioni. Katika nyumba yao neno mizinga halikuwahi kuwa na uhusiano wowote na asali. Lilihusu vile vyuma vilivyomharibia mzee sikio la kushoto. Bi Kiambatisho alisoma ombi lile mara tatu, akafungua dirisha apate hewa, kisha akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Huu si mradi wa jamii. Hii ni vita." Faili likapelekwa idara ya usalama kabla ya chai.

Mwenyekiti wa kikundi akaitwa. Alifika mama mmoja mchangamfu, amevaa nguo zake za kutokea, akidhani ameitiwa hundi. Afisa usalama, kijana aliyevaa miwani nyeusi hata ndani ya nyumba, alimhoji pale pale ofisini kwetu, na sisi wengine tukajifanya tunaandika. Kwanza alitaka kujua mizinga itatoka nchi gani. Mama akasema haitoki popote, wanaye seremala wao. Akaulizwa nguvu yake inafika umbali gani. Mama akafikiri kidogo, akajibu kwamba wanafika hata kilomita tatu, na jioni wanarudi wenyewe. Afisa akaandika kuwa kumbe kuna na wapiganaji. Ni wangapi? Hawahesabiki, mama akasema, lakini wote wako chini ya malkia, tena kila mzinga una malkia wake.

Hapo afisa alivua miwani. Kwa sauti ya chini akauliza hao watu wakichokozwa inakuwaje. Mama alikuwa ameshaanza kufurahi kwamba kumbe serikali inayajali mambo haya, akamweleza bila kuficha kuwa hata ng'ombe anaweza kufa. Ndipo afisa akauliza wao kama kikundi wanategemea kupata nini katika balaa lote hilo.

"Asali, mwanangu," mama akasema. "Kwani wewe ulidhani nini?"

Mhasibu akaanza kucheka, akacheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti, na kati ya kicheko na maswali ikabainika kwamba majirani waliolalamikiwa ni tembo, na kwamba tembo, pamoja na ukubwa wote ule, humkimbia nyuki.

Bi Kiambatisho hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mama, ambaye naye alikuwa ameacha kucheka na kuanza kueleza. Misimu miwili mfululizo tembo walikuwa wamekula mahindi yao yote. Akina mama walikuwa wanakesha kwa zamu wakipiga madebe, na madebe tembo walishayazoea. Dirisha la ruzuku lilikuwa linafungwa kesho yake, Ijumaa, saa kumi. Ombi lililoko idara ya usalama lilihesabika kuwa halijapokelewa. Wakikosa safari hiyo, wasubiri mwaka mzima, na mwaka mzima bila mahindi si kitu cha kuwaambia watoto wavumilie. Yote hayo kwa mstari mmoja wa wino mwekundu. Mimi nilikuwepo, na niliona jinsi alivyoiweka ile kalamu mezani, taratibu, kama kitu cha moto.

Afisa usalama naye alisikitika, lakini utaratibu ni utaratibu. Faili likishaingia kwa tuhuma ya silaha, halitoki mpaka silaha yenyewe ikaguliwe kwa macho. Basi Ijumaa alfajiri gari la ofisi likaondoka likiwa na dereva, afisa usalama na Bi Kiambatisho, ambaye hakutumwa na mtu. Huko walimkuta seremala na mzinga mmoja wa mfano, umetundikwa kwenye nguzo uwanjani kwake. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na swali linalotaka kujua iwapo ndani ya mtutu mna risasi. Afisa akasita, akapendekeza waweke kistari tu. Bi Kiambatisho hajawahi kuacha nafasi tupu kwenye fomu tangu azaliwe. Akainama, akachungulia.

Risasi zilikuwemo.

Dereva anasema walikimbia wawili, na afisa usalama ndiye aliyetangulia, miwani akaiacha kwa seremala mpaka leo. Katika fomu, mbele ya swali lile, pameandikwa kwa wino mwekundu: "Ndiyo. Zipo hai."

Walirudi mjini dakika za mwisho kabisa. Uso wa Bi Kiambatisho ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira ya siku mbili, na macho yamebaki mistari. Mlinzi wa getini alitazama kitambulisho, akamtazama yeye, akasema huyu wa pichani namfahamu ila wewe mama hapana. Kujieleza hakuweza, midomo ilishakataa. Neno alilofaulu kulitoa, huku amenyoosha kiganja, lilikuwa la kumuuliza mlinzi barua inayomruhusu kuzuia watu iko wapi, na kiambatisho chake. Geti likafunguliwa papo hapo.

Muhuri wa mapokezi aliugonga mwenyewe, kwa kuwa karani wa masijala alikuwa anacheka huku analia. Kikundi kikapata mizinga yao sitini. Msimu uliofuata akina mama wale walivuna mahindi waliyoyapanda kwa mikono yao, na usiku wakalala. Bi Kiambatisho alikuwa ameshakwenda kuwaomba radhi mbele ya kikundi kizima. Inasemekana walimsamehe upesi kwa sababu walikuwa wanashindwa kumwangalia usoni bila kucheka.

Tangu wiki ile, ukutani juu ya simu yetu ya mezani pamebandikwa karatasi yenye maneno aliyoyaandika yeye: "Kabla ya kukataa, piga simu uulize: MNA MAANA GANI?" Wakaguzi wametuuliza mara nyingi bili ya simu inakuwaje kubwa hivi. Jibu liko kwenye faili. Kuna kikundi cha mapishi kilichoomba mbuzi kumi na wawili, wataalamu wa mifugo wakataka kujua watachanjwa lini. Simu ikapigwa, kumbe ni mbuzi za kukunia nazi. Kuna wazee walioomba fedha za viungo, tukawaweka kwenye fungu la chakula pamoja na wauza mdalasini. Simu ikapigwa, kumbe viungo vyenyewe ni magoti na viwiko, na wazee wanataka mwalimu wa mazoezi. Wote hao walipata ruzuku. Bila ile karatasi wangepata barua ya masikitiko, na sisi tungekwenda kunywa chai tukijiona tumefanya kazi.

Sasa niwaeleze kuhusu ratiba ya leo. Mkurugenzi wetu, aliyehamia hapa mwezi uliopita, alipoona rasimu imeandikwa "mizinga ishirini na moja kwa heshima ya mstaafu", alipauka. Alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kuomba kibali cha polisi. Bi Kiambatisho alimsogezea simu, akamwonyesha karatasi ya ukutani, akarudi kula biskuti. Mkurugenzi akapiga, akauliza, na sasa naye ni mwenzetu kabisa.

Ni kweli, kikundi kile cha ukingoni mwa msitu kimemchongea mizinga ishirini na moja. Akiwa mtumishi wa umma amekataa kuipokea, kama inavyotakiwa, na ameagiza iletwe nyumbani kwake kesho, tarehe mosi Julai, atakapokuwa raia wa kawaida. Ameagiza vilevile hati ya makabidhiano katika nakala tatu. Mumewe ameteuliwa kuwa mkuu wa kikosi, na habari tulizonazo ni kwamba tangu juzi anapiga pasi kombati zake za zamani. Wageni watakaokwenda kutazama wanaombwa wasisimame mbele ya midomo ya mizinga.

Heshima ya mizinga ishirini na moja hupewa marais na wafalme. Safari hii wameitoa akina mama ambao nusura wakose kila kitu kwa sababu ya kalamu ya huyuhuyu wanayemheshimu. Jambo hilo lilinishangaza, na barua yao haikutaja sababu. Kwa hiyo nilifanya alichonifundisha. Nilinyanyua simu, nikampigia mwenyekiti wao, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu wengi, nikamuuliza wana maana gani.

"Alikuja mwenyewe," akasema.

Asante, Bi Kiambatisho. Umetuachia simu, karatasi ya ukutani na feni mbovu, na tutavitunza vyote. Maisha yako mapya yawe mema, marefu na matamu. Kiambatisho kinakuja kesho asubuhi na lori.