Kaanaeli wa Kikwe, Askari wa Mabwana Wawili

Ndugu waombolezaji, mimi ni Sadoki, mdogo wa marehemu. Mniwie radhi sauti ikinikatika.

Kaanaeli alizaliwa Kikwe, miaka michache kabla ya sotoka kuwamaliza ng'ombe wetu. Alisoma kwa wamisheni, akabatizwa Pasaka ya 1906. Kusoma alikuwa mwepesi. Kuimba, Mungu amsamehe.

Mwaka 1908 Mangi, mtawala wetu, alimpeleka Boma la Wajerumani pale Arusha awe askari. Taabu ikaanzia hapo, maana Boma lilimhesabu wake, na Mangi naye alimhesabu wake. Mshika mbili moja humponyoka. Kaka yangu zilimponyoka zote.

Tarehe 3 Agosti 1909 alimwoa Eunike, binti wa Mama Marta. Walipendana mpaka majirani wakachoka kuwasema.

Kiangazi cha 1911, mzungu wa shamba la juu aliuziba mfereji wetu. Migomba ilinyauka. Kina mama wa Kikwe wakaenda mchana kweupe, wakauzibua. Bwana Shauri, mkubwa wa Boma, akamwagiza Kaanaeli awalete Boma wafungwe. Mangi akamwonya, "Ukimkamata hata mmoja kwa maji yetu, utanijua."

Alipofika mferejini, aliyewaongoza kina mama ni mkwewe! Nanyi mnajua, kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Akageuka upesi, akasema, "Shikamoo, mama. Mmekamatwa. Nifuateni."

"Marahaba. Tangulia, mwanangu, tunakuja."

Akatangulia, na heshima haikumruhusu kutazama nyuma mpaka Boma.

"Wafungwa wako wapi?"

"Wako nyuma yangu, bwana."

Nyuma yake palikuwa na vumbi tu.

Boma likamchapa viboko hamsa ishirini na kumvua sare kwa kutowaleta. Mangi akamtoza kondoo kwa kuwakamata. Nilipokuwa nikimkanda mgongo nilimwuliza kama kweli hakujua. Akacheka huku akiugulia. "Sadoki, masikio ninayo. Niliwasikia wakigeuka pale mtoni."

Tangu hapo alilima kahawa yake kwa furaha. Machi mwaka huu alishikwa na kichomi, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Aprili 1913, Eunike akiwa amemshika mkono. Nampenda kaka yangu, na sijui nitamtania nani sasa.

Ameacha mjane, watoto wawili, Ruth na Solomoni, nasi ndugu zake. Ameacha pia Mama Marta, ambaye amewaomba wazee ruhusa ya kumwona kabla hatujafunika jeneza, nao wamekubali.

Karibu, mama. Sogea mbele, umtazame usoni. Ndiye huyu mkweo.

Pumzika kwa amani, kaka. Hakuna wa kukutuma tena.