Kuku Niliowaficha Jikoni

Mheshimiwa Diwani, Afisa Mifugo wa kata, Mwenyekiti wetu Mzee Telesfori, ndugu wageni waalikwa, na nyie akina mama wa Kasokola mliokuja na kuku kwapani wakati tuliambiwa leo ni kuagana tu: wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu.

Naitwa Minza, mama Kija. Nimesimama kumsifu Mama Thacienne, mchanjaji wetu wa kuku, anayepumzika leo kwa sababu magoti yamegoma kuinama kwenye mabanda. Na siwezi kumsifu bila kujiaibisha.

Mwaka ule alipoanza, alipita nyumba kwa nyumba alfajiri, chupa ya chanjo ameizungushia kitambaa kibichi, akituambia: tone moja jichoni, kila kuku, kila miezi mitatu, mtawakinga na mdondo, ugonjwa unaofagia banda zima. Nani alimwamini? Tulishasikia kwamba kuku akichanjwa hatagi tena. Na mimi nilikuwa nasubiri wakwe wa binti yangu Kija kutoka Kasansa! Basi nikamtolea kuku kumi na wawili, wale waliokonda, wasumbufu, nisiowapenda. Wazuri kumi na wanne nikawafunika matenga jikoni. Nikamwambia, "Dada, ndio hao tu."

Kiangazi mdondo ukaingia. Jamani! Wazuri wangu walipinda shingo, wakaharisha kijani, wakaisha wote ndani ya wiki. Na wale niliowadharau? Alikufa mmoja tu. Wakwe walipofika walichinjiwa jogoo chongo wa kundi hilohilo, wakasifu mchuzi, na Kija akaolewa kwa heshima.

Thacienne akaja kunipa pole. "Mama Kija, na wale niliowasikia wakilia jikoni?" Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakunisema kwa mtu, hata siku moja, ndiyo maana leo najisema mwenyewe.

Angalieni mabanda yetu leo! Mwaka jana mdondo ulipita kwa majirani wasiochanja, na sisi tukaendelea kula mayai. Najivunia huyu mama, tena sana.

Lakini wiki nzima mnanong'ona: nani atamrithi? Miezi mitatu inatimia Jumamosi, na tukiikosa, kazi yake yote inaenda na maji. Mheshimiwa, andika jina langu. Mama huyu amenifundisha mwaka mzima, nyie mkidhani naenda kwake kupiga soga.

Jumamosi alfajiri msifungulie kuku mpaka nifike. Mama Thacienne, naanzia kwako. Wewe nishikie kuku, uangalie kama tone langu linaingia jichoni.

Asanteni sana kwa kunivumilia.