Mkalimani Aliyesema Kila Kilichosemwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, aje akae. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye wengi wenu mmewahi kuisikia sauti yake, ingawa maneno hayakuwa yake. Alikuwa mkalimani. Mtu aliposema kwa lugha ya kigeni, yeye aliyaleta kwetu kwa Kiswahili. Sisi tuliposema kwa Kiswahili, aliyapeleka kwao. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana wake hadi walipomfukuza.

Nimesema walipomfukuza. Jana msibani nilimsikia mkubwa mmoja, kavaa suti nzito na jua lile, akisema marehemu "alistaafu kwa heshima". Hakustaafu. Alifukuzwa. Waliomfukuza wapo, wana siha njema, na pengine wananisikiliza sasa hivi. Hamjambo, wakubwa.

Mama yetu amefariki Jumatatu alfajiri, katika hospitali ya wilaya, ng'ambo ya mto. Binti yake, ambaye ni nesi wa hospitali hiyohiyo, alikuwa amemshika mkono.

Baba yake alikuwa fundi cherehani. Dukani kwake kulikuwa na pasi ya mkaa, kioo kilichopasuka kona, na redio kubwa iliyonasa stesheni za nje. Mzee hakujua lugha ile hata salamu, lakini aliiacha redio iseme kutwa kucha. Alisema inawapa wateja imani. Binti alikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, akasikiliza. Yale aliyofundishwa shuleni asubuhi, mchana aliyasikia yakitembea yenyewe redioni. Haukupita muda, akaanza kuwaambia wateja habari za dunia. Siku moja alimwambia mzee aliyekuja kupunguziwa suruali: "Babu, huyu anasema kwao kuna amani. Lakini sauti yake mwenyewe haiamini."

Msije mkadhani alikuwa mpole. Mdogo wake wa kike amenionya mapema: "Kaka mtangazaji, usiwadanganye watu. Dada alikuwa na kiburi. Ukikosea neno alikurekebisha hata ukiwa unalia. Siku ya harusi yangu alimsahihisha aliyetufungisha ndoa."

Basi ndiye huyo. Akaajiriwa mahakamani. Na hapo kuna kisa ambacho wenzake wa mahakamani wanakisimulia mpaka leo. Mtu mmoja alikuwa ameshtakiwa kwa wizi wa baiskeli. Hakimu aliendesha kesi kwa lugha ya kigeni, kama ilivyokuwa desturi. Mshtakiwa alipoona mambo yanamwendea kombo, akaachia tusi. Tusi zito, lenye wazazi wote wawili ndani yake. Hakimu akageuka. "Amesema nini?" Karani akamkanyaga mkalimani mguu chini ya meza. Mkalimani akauvuta mguu wake, akalitafsiri tusi lote, baba na mama, hakuacha mtu.

Hakimu akavua miwani. "Ulilazimika kusema yote?"

"Mheshimiwa," akasema, "ukitaka nusu ya maneno, tafuta nusu ya mkalimani."

Hakimu alikuwa muungwana. Alicheka. Wasikilizaji, kumbukeni kwamba zamani tulikuwa na wakubwa waliojua kucheka.

Sasa tuje kwenye mto. Mji wetu umekatwa na mto. Upande huu kuna soko, shule na ofisi. Upande ule kuna hospitali. Katikati palikuwa na daraja, mpaka mafuriko yakaja yakalizoa. Tangu siku hiyo, mvua zikinyesha, wagonjwa walivushwa mabegani. Wajawazito walikalishwa kwenye kiti, na wanaume wakakibeba kile kiti juu ya vichwa vyao, maji yakiwafika kifuani. Wengi walifika. Wengine hawakufika. Narudia kwa faida ya waliochelewa kufungua redio: wengine hawakufika.

Binti wa marehemu anasema: "Nilikuwa nasimama ng'ambo na machela, naangalia maji. Siku moja kiti kilifika kitupu. Wale wanaume walikiweka chini mbele yangu, wakakaa kando yake, hawakusema neno. Jioni nilimwambia mama. Naye hakusema neno. Mama yangu! Hakusema neno."

Ni katika hali hiyo ndipo ikaja Kamati ya Kupima Udhaifu na Kujenga Ustahimilivu. Vuta pumzi kwanza, jina ni refu. Nchi zetu, wasikilizaji wapendwa, hupimwa. Wataalamu hupita wakizibonyeza kama parachichi sokoni, waone hii imelainika, ile bado ngumu. Mimi sina ugomvi na kupima. Mgonjwa hupimwa. Lakini mgonjwa akishapimwa hupewa dawa. Hapewi semina.

Mkuu wa kamati alikuwa mtoto wa hapahapa. Kazaliwa nyuma ya soko, kalelewa na shangazi yake, muuza mitumba ambaye nyote mnamfahamu kwa sauti. Alikwenda kusoma, akasoma, akaitwa Daktari. Watu wa mji wakauliza kama atafungua zahanati. Wakaambiwa huyu ni daktari wa vitabu. Tangu hapo jina lake likawa Daktari Asiyetibu.

Akaingia ukumbini na msafara wake. Shangazi kakaa mstari wa mbele, kajifunga kitambaa kipya. Daktari Asiyetibu akashika kipaza sauti, akafungua kinywa, akahutubia kwa lugha ya kigeni! Mtoto wa nyuma ya soko! Marehemu, aliyekodiwa kutafsiri siku hiyo, akalazimika kumtafsiria shangazi maneno ya mtoto aliyemwogesha mwenyewe. Shangazi akainama kwa jirani yake, akauliza, ukumbi mzima ukasikia: "Anaumwa ulimi?"

Nilikuwapo. Nilikaa kando ya spika na kinasa sauti changu. Daktari akauliza, na mkalimani akatafsiri: daraja lilipokatika, mlifanya nini? Akasimama seremala mmoja, mmoja wa wale waliobeba kiti. Akasema: "Tuliwabeba wagonjwa. Tungefanya nini?"

Daktari akatabasamu kama mtu aliyepata alichokitafuta. Akamgeukia msaidizi wake aliyekuwa na kompyuta, akamwambia maneno kwa ile lugha yake, haraka haraka, kana kwamba sisi ni viti. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi.

Mkalimani akasogea mbele. Akatafsiri, kwa sauti ileile ya kila siku: "Anasema, andika kwamba hawa wamezoea. Wilaya hii ni imara. Daraja linaweza kusubiri. Wapelekewe semina."

Na hapo, wasikilizaji, muujiza ukatokea. Daktari Asiyetibu akaruka kitini, akasema kwa Kiswahili safi, Kiswahili cha nyuma ya soko: "Hayo hayakuwa ya kutafsiri!"

"Kumbe unajua kusema!" shangazi akapiga makofi.

"Nimekodiwa kutafsiri kinachosemwa," marehemu akajibu. "Kimesemwa."

"Sikusema wamezoea! Nilisema wana ustahimilivu!"

"Ndiyo. Nami nimewatafsiria."

Watu hawakurusha jiwe wala kiatu. Shangazi alisimama tu, akamwambia: "Mwanangu, inuka. Twende mtoni ukavuke. Hospitali unayoipima iko kule." Daktari akatazama viatu vyake. Viatu vya ngozi, vyekundu kidogo, vizuri sana. Akasema ratiba hairuhusu. Wakaingia kwenye magari yao, wakaondoka. Walipima hospitali bila kuiona. Narudia: walipima hospitali bila kuiona.

Kesho yake marehemu alipofika mahakamani, mlinzi alimzuia getini. Kijana wa watu alikuwa anaona haya, anatazama chini. Akasema, amri imetoka juu, mama. Hakupata tena kazi ya serikali. Mume wake, karani wa ofisi ya wilaya, akahamishiwa mbali, mahali ambapo hata barua huchoka njiani. Nimezungumza naye. Amesema hivi:

"Nilimkasirikia sana. Nilimwambia, ulimi wako umetuvunjia nyumba. Akanijibu, basi ilikuwa nyumba ya karatasi. Nikanuna, nikaondoka bila kuaga. Lakini kule hakukuwa na mtu wa kubishana naye, ndugu yangu. Kila nilichosema, watu walisema ndiyo bwana mkubwa. Nilikuwa nakauka. Nikaacha kazi, nikarudi. Nilipobisha hodi akauliza, nani? Nikasema, mimi. Akasema, 'mimi' si jina."

Semina ikaja. Walikuwa wameahidi, na ahadi za namna hiyo ndizo hutimizwa. Wakabandika ukutani karatasi kubwa yenye picha ya mti unaopigwa na upepo, wakatufundisha namna ya kuinama bila kuvunjika. Watu walijaa ukumbini. Wakufunzi wakafurahi. Wakauliza, kuna swali? Akasimama mama mmoja: "Daraja liko wapi?" Wakasema tutalifikia hilo. Wakaendelea na mti wao. Kuna swali lingine? Akasimama seremala: "Daraja liko wapi?" Akakaa. Akasimama mwingine, swali ni lilelile.

Mkalimani mpya alikuwa kijana, shati limemlowa mgongoni. Akawatafsiria wakufunzi kwa lugha yao kwamba wananchi wanashukuru, na wanaulizia miundombinu kwa ujumla. Sauti ya marehemu ikatoka mstari wa nyuma: "Hapana, mwanangu. Wanauliza daraja liko wapi. Usiyatie maji maneno ya watu." Kijana akayasema kama yalivyo. Wakufunzi wakaikunja picha yao ya mti kabla hata ya chai.

Semina ya pili ikaja, swali likawa hilohilo. Likavuka mipaka ya wilaya, likaulizwa penye mabwawa yaliyopasuka, likaulizwa penye visima vikavu, kila mahali kwa namna yake. Sitaki kuwaambia kwamba wakubwa waliguswa moyo. Moyo haukuhusika. Uchaguzi ulikaribia, wakakumbuka kwamba hata wagonjwa hupiga kura. Daraja likajengwa. Daraja la zege, lenye kingo. Nimelivuka jana nikienda hospitali kumwona binti wa marehemu, na maji chini yalikuwa mengi.

Na siku ya kulifungua, mgeni rasmi alikuwa nani? Msiniulize. Alikuja na viatu vingine. Lakini alipotafuta mkalimani, hakumpata. Yule kijana alisema koo linamuuma. Mwalimu wa lugha alisema ana wageni. Kila aliyefuatwa alikuwa na udhuru. Basi Daktari Asiyetibu akalazimika kusema nasi moja kwa moja, kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Tukamsikia kwa mara ya kwanza bila msaada. Akasema, ustahimilivu ni ile hali ya kuwa mstahimilivu. Akasema, lazima tuimarishe uimara. Debe lilivuma, ndugu zangu, lilivuma mchana kutwa.

Marehemu alikuwa amesimama pembeni chini ya mwavuli, na mume wake. Mama mmoja, kwa mazoea tu, akamuuliza: "Bibi, anasema nini?"

Akajibu: "Nasikiliza kwa makini. Bado hajasema."

Miaka yake ya mwisho aliwafundisha watoto lugha sebuleni kwake, akiwakaripia kwa mapenzi. Halafu akaugua. Mwezi uliopita alivushwa kwa gari, kalala, akapelekwa hospitali. Daktari, huyu wa kutibu, kijana mwenye huruma, akamweleza hali yake. Lakini huruma ikamfanya azunguke. Akataja majina marefu ya kigeni, akataja hatua, akataja uangalizi. Mgonjwa ambaye angeweza kumsahihisha matamshi hakumsahihisha. Alimgeukia binti yake, akasema: "Nitafsirie."

Binti anasema alitafuta pa kukimbilia. "Mama alikuwa ameelewa kila neno, najua. Alitaka kulisikia kwangu. Nikamwambia, mama, anasema hawana dawa ya kukuponya. Anasema watajitahidi usiumie. Akasema, 'Vizuri. Hukuacha neno.' Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu mama hakunisahihisha."

Wasikilizaji wapendwa, kamati imetuletea salamu za rambirambi tuzisome hewani. Zimepigwa muhuri. Zinamsifu marehemu, na mnajua wamemsifu kwa neno gani. Sitazisoma. Familia imesema haitaki kuzisikia, na familia ndiyo yenye msiba.

Maziko ni kesho baada ya adhuhuri. Mume wa marehemu ameomba nitangaze kwamba kila mtu anakaribishwa, hata Daktari Asiyetibu. Hakuna kiti kilichotengwa kwa ajili ya mtu yeyote, wala hakutakuwa na hotuba. Makoleo yatakuwapo ya kutosha.

Pole sana, mzee wetu, uliyebaki bila wa kubishana naye. Pole, dada nesi. Tunajua uko zamu leo. Pole, mdogo mtu. Mungu amweke mahali pema, na malaika wachunge sarufi yao.

Na wewe uliye ofisini, unayejaza alama za watu usiowahi kuketi nao, nina ombi moja tu. Izime hii redio. Simama, toka nje, nenda mpaka walipo. Waulize. Kisha nyamaza, wakujibu.