Ng'ombe wa Nesi

Pikapu ya kushuka Moshi ilikuwa haijatoka vizuri Marangu, Tereza akajua usingizi leo hapati. Ubavuni kwake mzee Leonce, wa kamati ya zahanati ya kijijini, alikuwa akimsimulia mama asiyemjua jinsi walivyomtunza nesi wao.

"Tulimpa nyumba ya bati na ng'ombe wa maziwa juu! Hizo hospitali za watu binafsi zinazofunguliwa mjini, ipi inatoa ng'ombe?"

"Hongereni, mzee. Na majani alikuwa akikata nani?"

"Si mwenye ng'ombe! Alfajiri anashuka tambarare na wanawake wenzake, anapanda na mzigo wake."

"Na wagonjwa je?"

"Wanamsubiri. Sisi si watu wa fujo."

Tereza, aliyewahi kusubiri hapo na mtoto mwenye homa, akakohoa.

"Sasa nesi yuko wapi?" yule mama akauliza.

"Ameomba uhamisho. Binti wa Lindi, hakuzoea."

Yule mama akacheka mpaka kitenge kikamwanguka begani. "Mzee, bakini na ng'ombe, mumpe maziwa!"

"Mgeni wa heshima hapewi maziwa ya kuomba, mama. Anapewa ng'ombe."

Pikapu ikasimama stendi. Mzee akashuka, akakung'uta koti.

"Ndiyo naenda kuomba nesi mwingine. Na huyu tutampa ng'ombe wawili."